Zizi la Noeli la Darasa la Sita

Jumatatu, 29 Novemba 1993

Mwalimu Mkuu Adriano amerudi kutoka semina Mbeya na jambo jipya. Mwaka huu hakuna kuchora Noeli ubaoni. Darasa la Tano na la Sita kila moja litajenga zizi la Noeli. Misumari marufuku. Zizi libebe tofali, na likimwagiwa maji, mtoto wa udongo aliyelala horini asilowe. Mashindano Ijumaa, siku ya kufunga shule. Mwalimu wa darasa litakaloshindwa atabaki likizo nzima kulinda majengo.

La Sita ni langu. La Tano ni la Mwalimu Evodia. Mke wangu Atusaye alijifungua kwao Tukuyu mwezi wa tisa. Mtoto sijamwona bado. Anabatizwa Krismasi.

Sibaki.

Jumanne, 30 Novemba

La Tano wamejenga kwa mabua ya mahindi. Limeanguka kabla ya tofali kukaa sawa. Watoto wakacheka, wakaanza upya. Nikamwuliza Mwalimu Evodia kama haoni aibu. Akanijibu kwamba bora lianguke leo kuliko Ijumaa. Maneno ya mtu asiye na mianzi.

Mianzi ninayo mimi. Nimeinunua sokoni kwa msuka matenga. Kwetu Rungwe mwanzi ni nyumba. Nimejenga mwenyewe, maana wanafunzi wangeharibu. Angela, kiranja wa darasa, akauliza wao wafanye nini. Nikawaambia wafanye mazoezi ya wimbo.

Jumatano, 1 Desemba

Unga mweupe chini ya zizi langu. Fukusi! Wanatoboa nguzo.

Marehemu mjomba aliloweka mianzi kwenye maji ya chumvi. Zamani za foleni chumvi tulipimiwa kwa kikombe. Siku hizi maduka yamejaa, nikanunua mfuko mzima. Nimepaka nguzo, kuta na paa mara mbili. Jioni zizi linang'aa.

La Tano nao wameongeza vijiti vya mshazari kwenye kona na kukandika paa kwa udongo. Limebeba tofali. Sikupenda.

Alhamisi, 2 Desemba

Usingizi umeleta jibu. Mabua ni chakula cha ng'ombe.

Nikamwendea Nyanda, Msukuma anayetuletea maziwa. Nikamwomba ng'ombe mmoja kwa ajili ya sherehe, maana Bethlehemu walikuwepo. Nikasisitiza asimlishe asubuhi, ili atulie.  Nyanda akasema amefuga tangu utotoni na hajawahi kuona ng'ombe aliyetulizwa na njaa, lakini mwalimu ni mwalimu.

Mwalimu Mkuu amelipenda sana wazo la ng'ombe. Mwalimu Evodia pia. Maskini.

Ijumaa, 3 Desemba

Wazazi walijaa uwanjani. Upepo mkali, koti langu la mtumba halikusaidia. Mazizi yote mawili yalibeba tofali. Kabla ya maji kumwagwa nikamwashiria Nyanda alegeze kamba.

Ng'ombe akalifuata zizi la mabua. Akanusa udongo wa paa. Akapiga chafya. Kisha akageuka, akaja kwangu.

Alianza na nguzo. Akailamba polepole, amefumba macho. Akahamia ukutani. Alipopandisha ulimi paani, pembe ikanasa, akajinasua, na zizi lote likaenda naye. Tofali likamwangukia mtoto wa udongo. Darasa langu likaimba wimbo, kwa kuwa ndicho nilichowafundisha.

Angela akaokota kipande, akakilamba. Akatangaza kwa uwanja mzima kwamba kina chumvi. Nyanda akasema, "Mwalimu, si ungeniambia? Sisi chumvi ndiyo tunayomwitia ng'ombe." Mwalimu Mkuu alicheka hadi akavua miwani. La Tano wameshinda. Ulinzi ni wangu.

Niliketi ofisini nikitafuta maneno ya kumwandikia Atusaye. Mwalimu Evodia akaingia na kuuliza nina msiba gani. Nikamweleza habari ya ubatizo. Akashangaa. Nyumbani kwake ni hapa Malangali, kengele ya shule anaisikia akiwa jikoni, na hana safari. Atalinda yeye. Angenikubalia hata Jumatatu kama ningemwomba. Nikamwuliza kwa nini basi alishindana. Akasema watoto walikuwa wanafurahia kujenga.

Mwalimu Mkuu amekubali. Nilitoka nje nikavuta pumzi, nadhani ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 4 Desemba

Ndani ya basi la Tunduma; nitashukia Mbeya nipande la Tukuyu. Nimepata kiti cha dirishani. Moyo mwepesi kabisa. Mtoto nitambeba wiki hii.

Mwalimu Evodia alikuja stendi na kitenge cha mtoto. Akanisihi safari nyingine nimwombe tu mtu. Nikamshukuru. Kuomba ni kwa watu wasio na mipango.

Mwalimu Mkuu ameshatangaza shindano la Pasaka: kigari cha kuteremsha yai mlimani lisivunjike. Nimelifikiria tangu tulipoondoka stendi.

Yai letu nitalichemsha. Bila chumvi.