Jopo la Watafiti Waliosimama

Jumatatu, 3 Machi

Balaa limeingia darasani limevaa miwani. Mwalimu ametoa insha: je, namna mtu anavyosoma inabadilisha anavyokumbuka? Iandikwe kwa Kiswahili, yenye vyanzo vya kuaminika. Atakayeleta vya kuokoteza atasimama mbele ya darasa avitetee kwa mdomo wake.

Mbele! Mimi! Mimi ambaye jina likiitwa asubuhi, "nipo" yangu haivuki dawati. Wenzangu wananiita Mnong'ono. Nadhani ni kwa upendo.

Nikaenda maktaba ya chuo. Mkutubi ni mama wa makamo, anamtazama mtu kana kwamba alikuwa akimsubiri tangu jana. Njiani nilijipanga: shikamoo, kisha naomba msaada wa vyanzo. Shikamoo ikatoka salama. Kilichofuata kikawa swali la choo kiko wapi. Akanielekeza vizuri sana, akatoka hadi mlangoni nisipotee. Ikabidi niende. Nikanawa mikono, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 4 Machi

Kuuliza si ujinga, wanasema. Hawajasema kitu kuhusu kutetemeka.

Leo mtandaoni. Nimetafuta kwa Kiswahili: nikapata dawa ya nywele na mtu anayerudisha wapenzi waliopotea. Nikatafuta kwa lugha ya kigeni tunayofundishiwa darasani: makala kama mchanga! Nimesomeshwa kwa lugha mbili, lakini hii ya pili nusu naielewa, nusu naitikia kwa kichwa.

Ndipo akili ikanijia. Kama chanzo hakipo, si kiwepo? Nimefungua ukurasa wangu wa Kiswahili: Jopo la Watafiti wa Kumbukumbu. Jopo ni mimi na mto wangu. Matokeo: asomaye akiwa amesimama hukumbuka maradufu ya aliyeketi. Kwa nini kusimama? Kwa sababu chumba chetu kina kiti kimoja na dada alikuwa amekikalia, anashona. Nimeweka na picha ya darubini. Darubini haina uhusiano wowote, ila inatuliza.

Jumatano, 5 Machi

Maajabu. Nimemkuta Kamusi maktabani, dirishani, anasoma amesimama wima kama mlingoti. Kamusi ndiye kichwa cha darasa. Hajawahi kukosea mbele za watu, na hajawahi kutusamehe sisi wengine kwa kukosea. Jirani yake akamwuliza vipi, kiti kimekukosea nini? Akajibu kuwa ni utafiti, asome kwanza ndipo aulize. Tayari alikuwa ameutuma kwenye kundi la darasa kwenye simu.

Kufikia mchana nusu ya darasa iko wima. Mkutubi akapita akiinua viti kimoja kimoja, akaviangalia chini. Akauliza kwa upole kama kuna kunguni.

Sikucheka. Nilijisikia kama mzazi kwenye mahafali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata kurasa nyingine mbili zinazosema vilevile! Moja inaongeza kwamba matokeo ni bora zaidi ukitazama mashariki. Mashariki mimi sikuyataja popote. Kwa hiyo hawakunakili. Kwa hiyo wamefanya utafiti wao wenyewe.

Nimeketi kitandani nikawaza sana. Huenda sikubuni. Huenda jambo lilikuwepo hewani, likanichagua mimi nilipigie chapa. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini hii yangu kila nikitazama inarefuka na kuwekwa taa.

Nikamweleza dada, nikamficha mwanzilishi ni nani. Akakata uzi kwa meno, akasema yeye amesimama foleni maisha yake yote na hakumbuki hata moja. Dada hana jicho la kisayansi. Nimewasilisha insha. Vyanzo: hizo kurasa zote, Jopo likiongoza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwisha.

Mwalimu amerudi na insha zetu. Amesema karibu darasa zima limekunywa maji ya kisima kimoja. Akatupeleka maktaba, akatukabidhi kwa mkutubi.

Mkutubi hakufoka. Alituketisha (tuliketi!) akatuuliza: mtu akibisha hodi akasema mimi ndugu yenu, mnafanyaje? Mmoja wetu akajibu unamwuliza ndugu kwa nani. Haya, akasema, na makala ni hivyohivyo. Nani kaiandika, anafanya kazi wapi, kajuaje, nani mwingine asiye wa nyumba yake anamtambua? Akafungua ukurasa wa mashariki kwenye skrini. Umelitoa wapi neno hili? Kwenye ule wa pili. Na wa pili? Kwa Jopo. Na Jopo? Hakuna jina. Hakuna anwani. Darubini tu.

"Huyu," akasema, "hana baba wala mama."

Iliniuma. Mimi ndiye mama na baba, nimekaa safu ya mwisho.

Kisha akatuonyesha hazina ya majarida ambayo chuo kinatulipia, jinsi ya kuchagua maneno ya kutafutia, jinsi ya kushuka hadi kwenye rejea za makala na kuzifuata. Akasema asiyeelewa lugha ya makala aje, watasoma pamoja, hiyo ndiyo kazi yake. Pamoja! Siku zote hizi!

Hukumu: Kamusi ndiye aliyesambaza, kwa hiyo Jumatatu Kamusi atasimama mbele.

Baadaye Kamusi mwenyewe akaja kwenye meza yangu. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu mimi sirudii mambo, sauti haitoshi. Akasema alitafuta kwa Kiswahili kwa kuwa ile lugha nyingine humchosha, husoma ukurasa mmoja mara nyingi hadi machozi, na nisimwambie mtu. Alipoona kitu kimeandikwa kwa lugha ya kwao akafurahi, akakiamini kama anavyomwamini mtu wa nyumbani.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza choo kiko wapi.

Akanionyesha. Nikaenda.

Jumatatu, 10 Machi

Kamusi alisimama mbele. Mikono nyuma, shingo imeshuka. Mwalimu akamwuliza Jopo hili ni akina nani. Akasema hajui. Sijawahi kumsikia akisema hajui. Mtu kutoka nyuma akaropoka, "Kamusi imekosa ukurasa!" Darasa likaangua kicheko.

Miguu yangu ikainuka bila ruhusa. Nikasema Jopo ni mimi. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Mwalimu akasema Mnong'ono njoo mbele, huko nyuma tunaona midomo tu.

Nikaenda. Nikasema yote: dada, kiti, mto, darubini. Nikasema mkutubi alikuwa pale na mimi nikamwogopa, na Kamusi hana kosa ila kuamini. Walicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Kamusi hakucheka. Halafu nilipofika kwenye mto, akacheka kuliko wote.

Mwalimu ameamuru: ukurasa ufutwe, insha iandikwe upya, na nianzie kwa mkutubi. Sitatafuta njia ya mkato tena. Naapa.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika maktaba mapema. Mkutubi aliponiona akanyoosha kidole kuelekea chooni kabla sijafungua mdomo. Nikamshukuru. Nikaenda. Kesho nitamwuliza.

Nyumbani nikafungua ukurasa wa Jopo niufute. Kidole kikasita. Kuna jambo la ajabu: nakumbuka kila neno nililosema jana mbele ya darasa. Kila neno! Nani alicheka, alivaa nini, mwalimu alishika chaki mkono gani. Lakini alichofundisha baadaye, nilipokwisha kuketi, sikumbuki hata mada.

Na jana nilikuwa nimesimama.

Nimeufuta, kama nilivyoapa. Nimefungua mwingine: Jopo la Pili, Huru Kabisa. Safari hii kuna ushahidi. Kiti kiko wazi, dada ametoka, lakini haya nayaandika nimesimama, nisije nikasahau.