Malalamiko Kuhusu Kikaza Kenchi Kilichoitwa Jambo la Wazi

Karakana ya Mhando,
Jirani na mashine ya kusaga,
Korogwe.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mapitio ya Uvumbuzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA OMBI LANGU LA HATAZA

Shikamoo. Kama ni mimi niliyekuzidi umri, basi ichukue kuwa heshima ya cheo, tusigombane mapema.

Mimi ni Mwinjuma Mhando, fundi wa kuchomelea hapa Korogwe, mzaliwa wa Sindeni, Handeni. Niliomba hataza, yaani hati ya kunitambua kuwa mvumbuzi, kwa ajili ya kifaa nilichokiita kikaza kenchi. Kwa faida ya wajumbe ambao hawajawahi kupanda juu ya paa, huku kwetu tunaezeka kwa mbao mbichi, kwa sababu zilizokauka zimeshakuja kwenu. Mbao zikikaukia juu, kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zinalegea na paa linabonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Kikaza changu ni bomba fupi linaloshika nondo mbili zilizochongwa meno ya skrubu, moja meno yake yanakwenda kulia, ya pili kushoto. Ukilizungusha bomba kwa spana, nondo zinavutana, kenchi inabana, paa linanyooka. Mwenye nyumba habomoi kitu.

Mchunguzi wenu amenijibu kwamba kifaa hicho "ni jambo lililo wazi kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika." Sina ugomvi na Kiswahili chake. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimemtafuta huyo mtu mwenye ujuzi wa kawaida na sijampata. Hapa Korogwe vibao vyote vya karakana vimeandikwa Fundi Bingwa, isipokuwa kimoja kilichoandikwa Fundi Bingwa wa Mabingwa. Handeni mjini nilimuuliza mwenzangu mmoja, kwa adabu kabisa, kama yeye ni wa kawaida, na hadi leo hapokei simu yangu. Huko Ngombezi alijitokeza mmoja akakubali kwamba ndiyo, yeye ni wa kawaida tu, lakini wenzake wakacheka wakasema huyo si fundi, ni mpaka rangi. Kwa hiyo, Mwenyekiti, nimekataliwa kwa ushahidi wa mtu asiyekuwepo. Naomba aletwe mbele ya kamati nimuulize maswali.

2. Mchunguzi alichukua picha ya kikaza waya wa uzio kutoka kitabu kimoja na picha ya kenchi kutoka kitabu kingine, akaziweka pamoja mezani, akasema basi, uvumbuzi wa Mhando ndio huu. Kwa hesabu hiyo hata bada haikuvumbuliwa na mtu, maana unga wa muhogo ulikuwepo na maji yalikuwepo. Uzio na paa vimetazamana katika ua mmoja tangu enzi za babu zetu, na hakuna aliyekichukua cha chini akakipandisha juu. Mtu ukishamwonyesha kwamba funguo anazozitafuta ziko mfukoni mwake, lazima aseme alikuwa anajua.

3. Hili ndilo linaloniuma. Barua yenu ilipofika sikuifungua. Nilikuwa na hakika ni ya kukubaliwa, nikaenda nayo Sindeni kwenye mkutano wa kijiji uliokuwa ukijadili paa la bwalo la shule. Bwalo hilo limebonyea hadi likafungwa, watoto wanakunywa uji nje, na mvua za vuli ziko njiani. Kazi ya kulinyoosha nilikuwa nimepewa mimi. Nikamkabidhi bahasha Mama Efrazia, mwenyekiti wa kamati ya shule, nikamwomba aisome kwa sauti ili wote wasikie. Mama Efrazia ana sauti nzuri, na aliisoma yote.

Nilitegemea kuonewa huruma. Watu walifurahi. Walisema kumbe hata Dar es Salaam wanajua kwamba Sindeni kuna ujuzi. Mzee mmoja wa Kwedizinga, ambaye alikuja kumtembelea shemeji yake tu, alisimama akauliza kama jambo lenyewe liko wazi, huyu Mwinjuma ni wa nini. Hapo hapo ukaitishwa msaragambo, kila kaya itoe mtu mmoja, vikaza vitengenezwe na wananchi wenyewe.

Walivitengeneza, na kwa sura vilikuwa vizuri. Ila nondo zote walizichonga meno ya kulia. Bomba lilipozungushwa lilimeza nondo upande huu na kuitapika upande ule, likawa linatembea tu bila kubana chochote. Walizungusha kwa zamu, wanaume kwa wanawake, hadi walipoitwa kula. Wakailaumu spana. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi chini ya dirisha, na sikusema neno. Ningewaeleza, jambo lingekuwa wazi, na hoja yangu kwenu ingekufa pale pale. Mke wangu Mwanaidi hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Anasema watoto wa watu watanyeshewa kwa ajili ya hoja yangu. Nimemwambia watanyeshewa kwa ajili ya mchunguzi.

4. Namba nne Mwanaidi ameisoma akaifuta. Ilihusu ukoo wa mchunguzi.

5. Sasa naomba kamati ifikiri pamoja nami. Kama kikaza changu ni jambo la wazi, basi mafundi wote wa Handeni na Korogwe walilijua miaka yote hii mapaa yakibonyea juu ya vichwa vya watu, na wakanyamaza. Mtu anayejua dawa akanyamaza huku wenzake wanateseka ana kosa kubwa, na naomba wakamatwe wote bila kujali undugu. Kama hawakujua, basi halikuwa wazi, na hataza ni yangu. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta. Kamati ikiamua wakamatwe, iandae magari ya kutosha na mahabusu yenye paa zima, kwa sababu likibonyea hakutakuwa na fundi aliyebaki nje wa kulinyoosha.

6. Ili jambo hili lisimpate mwingine, serikali itoe cheti cha Fundi wa Kawaida. Mtihani uwe ni kutengeneza kikaza kenchi bila kukiona changu. Watakaofaulu niwekwe mbele yao niwaombe radhi. Watakaoshindwa wahesabiwe kuwa mashahidi wangu.

Mwenyekiti, hapa naomba niweke mzaha pembeni. Milango niliyoichomelea imejaa Korogwe nzima, na hakuna hata mmoja unaojulikana kuwa ni wangu. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho mtu akikishika aseme hiki ni cha Mwinjuma. Nilisimama mbele ya watu walionilea nikijua wanakwenda kusikia habari hiyo, na walichosikia ni kwamba sijafanya kitu. Nimeumia sana. Hilo ndilo ninaloomba mnirudishie, mengine yote ni maneno.

Wasalimie wajumbe wote mmoja mmoja. Wasalimie makarani, hasa yule anayegonga mihuri, maana muhuri wake ulikuwa umenyooka. Msalimie mchunguzi, na huyo mtu wake wa kawaida mkimpata. Mwanaidi anawasalimu pia, ingawa katika shauri hili yuko upande wenu.

Ni mimi mlalamikaji, nikiwa bado na spana mkononi,

Mwinjuma Mhando,
Fundi Bingwa.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha Mama Efrazia amenipigia simu. Sajjad, mtoto wa Mzee Shabbir mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, alipita Sindeni kushusha mabati. Alivitazama vile vikaza vyao kidogo tu, akawaambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, upande huu mchonge kushoto. Kisha akaongeza nati ya kubana ili bomba lisijilegeze. Paa limenyooka. Mvua imenyesha tangu asubuhi na watoto wamekula ndani. Mama Efrazia hakunigombeza, aliuliza tu kwa nini mimi niliyekuwepo sikusema. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Sasa nasikia Sajjad naye analeta ombi la hataza kwenu kwa ajili ya hiyo nati. Tafadhali likataeni bila kuchelewa. Kuweka nati ya kubana ni jambo lililo wazi kabisa kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani husika. Kamati ikitaka kumwona mtu huyo kwa macho, ni mimi, na niko tayari kuja kuapa. Lakini ni kwa shauri hilo la Sajjad tu.