Chumba Chenye Mfereji

Jumatatu, 5 Mei

Ukuta wetu umepigwa alama ya X, rangi nyekundu. Afisa wa mazingira, Madam Debra, alishuka hadi mtoni na kusimamisha ujenzi upande wa chini. Sheria, alisema, haiangalii maji yalipo leo. Inaangalia yalipofika wakati wa mafuriko, na mita zisizojengwa zinapimwa kuanzia hapo. Anarudi Alhamisi.

Upande wa chini ndiko kilipo chumba cha mtunza nyumba. Chumba changu. Kihara, msimamizi wetu, aliniahidi kazi hiyo nyumba zikiisha. Ndani kina mfereji wa maji ya bomba. Huko nyumbani Mutomo mke wangu Mwongeli huchimba mchanga wa mto ndipo apate maji, kisha punda anabeba. Nilishamwambia auze punda. Hapa Spring Valley maji yanatoka ukutani.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata dawa. Kwetu mto ni mchanga karibu mwaka mzima. Ukitaka kujua maji yaliwahi kufika wapi, unauliza miti. Tope hubaki kwenye gome. Hapa pia mikaratusi ina tope la mafuriko, ila limefunikwa na vumbi letu la saruji. Unaliona ukisogea karibu tu. Lakini afisa anaweza kusogea. Tope likitoka, mafuriko hayakuwepo.

Baada ya kazi nikachukua brashi na sabuni ya unga. Nikasugua kila mti kuanzia mizizi hadi tope linapoishia, kifuani. Mikono imechubuka.

Were akanikuta. Ni fundi wa mawe, na anakitaka chumba changu.

"Kivuva, unaogesha miti? Ukimaliza, mgongo wangu pia upo."

Nikamwambia nazuia mchwa. Alicheka hadi akakalia wilbaro.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Mto unanguruma. Ukipanda utaleta tope jipya. Sikula. Kihara akauliza mbona nauchunga mto kama mbuzi. Haukupanda.

Nilimpigia Mwongeli. Mnunuzi wa punda atakuwa sokoni Ijumaa. Akauliza, Baba Muindi, una hakika? Ningeweza kusema angoje. Nikasema nina hakika.

Alhamisi, 8 Mei

Debra alisimama kwenye daraja la mbao, akaitazama miti. Nami nikaitazama, mara ya kwanza kutoka mbali.

Mungu wangu. Juu miti imepauka kwa saruji. Chini inang'aa kama miguu ya watoto wa shule Jumatatu asubuhi. Kati ni mstari mmoja, umenyooka kutoka mti hadi mti. Mtu angeuona akiwa mbali kule Westlands.

Debra akasema alikuwa amekusudia kupima kuanzia mwisho wa nyasi za ukingoni, maana hakuwa ameona alama nyingine. Sasa anamshukuru aliyemchorea.

"Ni Kivuva, madam," Were akasema. "Alikuwa anazuia mchwa."

Kutoka nyasini, chumba kingepona. Kutoka kwenye mstari wangu, tepu iliingia mlangoni, ikapita mahali nilipokwisha kupanga kuweka kitanda, ikaishia nyuma ya mfereji. Chote kibomolewe.

Ijumaa, 9 Mei

Kihara alinipa nyundo. Nimebomoa chumba changu mwenyewe. Were aliufungua mfereji kutoka ukutani kwanza, polepole, akaufuta kwa shati na kuutia mfukoni.

Kila nikipata nafasi nampigia Mwongeli. Hapokei. Siku ya soko. Akilini nilimwona punda akivutwa na mtu nisiyemjua, na Mwongeli akirudi na mitungi kichwani, kwa sababu yangu.

Mchana akapokea. Punda yuko nyumbani, anakula. Hakumpeleka.

"Baba Muindi, punda namjua. Mfereji wako siujui."

Nikakaa juu ya kifusi.

Jumamosi, 10 Mei

Kihara amesema nisirudi. Nikavuka daraja. Ng'ambo wanaanza kujenga nyumba nyingine na wanatafuta mtu wa kubaki kuitunza. Msingi wa chumba chake umeshachimbwa. Mfereji wameahidi.

Nimempigia Mwongeli, nikamwambia safari hii auze punda. Akauliza chumba kiko mbali na mto kiasi gani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ukitema mate dirishani, yanaanguka majini.