Maombi ya Mshahara wa Mkubwa katika Duka la Mapazia Mtandaoni

Kwa Dada Mkurugenzi,

Shikamoo. Nakuandikia rasmi, ingawa chumba chako na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja, kwa sababu kila nikigusia suala hili mezani unaniambia nikupitishie chumvi.

Ni miezi minane sasa tangu uniteue kuwa Ofisa Mkuu wa Mauzo wa duka letu la mapazia la mtandaoni. Cheo nakishukuru, ila hakijawahi kuniletea hata senti. Jumapili iliyopita baba wa mchumba wangu aliniuliza mbele ya watu napata kiasi gani kwa mwezi. Nikamjibu kwamba mishahara ya wakubwa ni siri. Akasema vyema, nirudi mwisho wa mwezi na siri hiyo ikiwa imeandikwa, la sivyo nisirudi kabisa. Dada, nampenda sana yule binti. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nimechunguza maofisa wa ngazi yangu katika maduka makubwa ya mtandaoni. Wana mshahara, nyumba, gari, dereva na hisa. Mimi nina bando la wiki, na hilo nalo unaliazima kuangalia tamthilia.

2. Mkubwa hulipwa kwa kutunza siri za kampuni, na hapo sina mpinzani. Mteja akiuliza bei, namwambia aje inboksi. Akija inboksi, namuuliza yeye amejipangaje. Mwezi uliopita wateja arobaini waliondoka bila hata mmoja kuijua bei.

3. Umenisema sana kuhusu lile pazia la sebuleni. Ni kweli nililipiga picha likiwa dirishani kwetu, mteja akang'ang'ania hilohilo, nikalishusha nikamtumia. Ni kweli pia kwamba majirani sasa wanatuona tukila. Lakini hatujawahi kuuza kitu haraka vile, na wenzangu hupewa bonasi kwa mambo madogo kuliko hayo.

4. Naomba posho ya usafiri. Ofisi yangu ni kochi, sikatai, lakini njia inapita jikoni na Mama hunituma. Nafika kazini nimeshachoka.

5. Mkubwa halipwi kwa kazi anayoifanya. Analipwa kwa hasara ambayo kampuni ingepata asingekuwepo. Kwa kanuni hiyo nadai nusu ya mapato yote, tangu siku ya kwanza. Hapa sipunguzi.

Wasalimie wote hapo chumbani kwako, hasa shemeji, aliyeniazima kalamu hii bila kujua ni ya nini.

Mimi mdogo wako mtiifu,
Ofisa Mkuu

Tanbihi: Nilipokuwa nainama kuisukuma barua hii chini ya mlango wako, Mama aliichukua akaisoma yote. Akauliza, kwa kanuni ya dai langu la tano, yeye anayekata, kushona na kupiga pasi kila pazia tangu duka halijapata jina, anadai kiasi gani. Tukapiga hesabu pamoja. Duka lote ni lake, na bado mimi na wewe tunadaiwa. Hakugomba. Alisema tu, "Kaa hapa mwanangu, nikuonyeshe kushona pindo." Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, nimeshona pindo moja, nalo limekwenda upande. Futa madai yote matano, umlipe Mama. Mwisho wa mwezi nitamwambia yule mzee ukweli: sina mshahara, najifunza ushonaji, nampenda binti yake. Naogopa, dada. Twende wote.