Mshenga wa Migori Awashtaki Panya wa Marekani

Migori,
Jumatatu, 15 Julai 1996

Kwa Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Pokea salamu zangu huko Nairobi, wewe na wapiga chapa wako. Huku kwetu mahindi yamekomaa na watu ni wazima, isipokuwa mimi, ambaye sijatulia tangu Jumamosi, na sababu ni wewe.

Jina langu ni Risper, mama yake Wesley. Kazi yangu ni ushenga. Tangu mwaka wa 1961 nimewaoza watu kutoka Kendu Bay hadi mpakani kwa Watanzania, na ndoa zangu hazivunjiki ovyo. Jumamosi nilikuwa dukani kwa Hemed nikichagua leso, naye Hemed, kama ilivyo desturi yake, alikuwa akiwasomea wateja gazeti kwa sauti. Ndipo nikasikia habari yako. Kwamba huko Marekani wataalamu wamechukua panya dume mwenye uzazi, wakamtoa zile chembe mama zinazotengeneza mbegu za kiume, wakampandikizia panya mwenzake asiye na mbegu hata moja, na yule tasa akapata watoto. Na kwamba huenda siku moja, baada ya utafiti wa miaka mingi, wanaume wasiozaa nao wakasaidiwa. Asiya, mke wa Hemed, alicheka mpaka akaangusha mkasi. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu kwangu kuna jambo. Mwanangu Wesley ana miaka minane katika ndoa, na mkewe Rael, binti wa Mfangano, hajashika mimba hata mara moja. Jumamosi hii inayokuja wazee wa ukoo watakaa waamue kama Rael arudishwe kwao. Lawama ni yake, hilo linajulikana. Mimi mwenyewe nimelisema kisimani, sokoni na kanisani. Sasa baada ya gazeti lako, Rael amenifuata jikoni na kuniambia kwa sauti ya chini eti labda Wesley naye akapimwe. Umeona ulichofanya? Basi yasome malalamiko yangu.

1. Mmeniibia kazi. Kumchukua dume mzima amsaidie mwenzake, kisha mtoto akaitwa wa mwenye nyumba, hiyo ni habari mpya kwa nani? Kwetu mume akishindwa, mshenga humwita shemeji mmoja mwenye adabu, mambo yakatengenezwa kimya kimya, na mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe wa mahari. Kitanda hakizai haramu. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitano, bila kisu, bila darubini, bila kumtangaza mtu. Leo panya wawili wanasifiwa gazetini, na mimi sijatajwa hata mstari mmoja.

2. Huyo panya aliyetoa mbegu, ukoo wake aliuchunguza nani? Mimi kabla ya kumleta shemeji naulizia mpaka kwa nyanya yake. Je, kuna wazimu? Kuna wizi wa kuku? Kuna jajuok, wale watu wanaokimbia uchi usiku na kutupia wenzao mawe juu ya mabati? Gazeti lako halikusema neno. Hemed alinijibu kwamba panya wote hukimbia usiku. Nikamwambia, ndiyo, na hayo ndiyo matokeo ya kuoana bila mshenga.

3. Kupimwa kwa mwanamume. Hili ndilo linalonichoma. Ili mtu atibiwe, ni lazima kwanza apimwe, na kwetu anayepimwa ni mwanamke. Rael amepimwa Homa Bay mara mbili na Kisii mara moja. Amekunywa mizizi ya mganga wa Lambwe, tumbo likamwendesha wiki nzima. Wachungaji watatu wamemwekea mikono, na mmoja alimsukuma mpaka akaanguka. Yote ameyavumilia bila kelele. Kila daktari alisema hana kasoro yoyote, jambo linaloonyesha jinsi ugonjwa wake ulivyojificha. Jirani yangu Susana, ambaye hana dogo, aliniambia kwamba mfugaji akiona ng'ombe kumi hawazai, huuliza habari za fahali. Nilimjibu kwamba Wesley si fahali, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana suti.

4. Tuseme sasa mmoja amepimwa. Wenzake watatulia? Wanaume ni watu wa kushindana. Baba wa watoto tisa atakwenda naye, kwa majivuno tu, apewe cheti cha kutundika ukutani kando ya picha ya harusi. Hapo daktari amwambie kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwa na mbegu hata ya dawa. Wuoi! Nani atamshika? Mimi nayajua maboma kumi na moja, kutoka Kendu Bay hadi hapa, ambako cheti kama hicho kingeangusha paa. Kuna mashamba yameshagawanywa. Kuna watu wameshazikwa upande wao wa boma. Kuna mtoto amepewa jina la babu, na kwa kweli anafanana na babu, ila si babu huyo.

Hata wewe, Ndugu Mhariri. Picha yako iko juu ya ukurasa, na jina lako la mwisho ni la watu wa Kendu Bay. Masikio hayo nayajua. Mwaka wa 1963 nilikuwa na kazi nyingi sana upande ule. Sisemi zaidi, mimi ni mtu wa kutunza siri.

5. Na hiyo miaka mingi ya kungoja ni ya nini? Mimi natengeneza kwa mwezi mmoja. Hata kwa Rael nimeshapanga. Kuna Tony, binamu yake Wesley, ana watoto watano, ana meno yote, na alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nikiwaambia wazee wasubiri kidogo, watasubiri. Kilichobaki ni kumweleza Rael, na nitamweleza kesho nikipita kwake kwenda posta. Hana sababu ya kukataa.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu utafiti huo usimamishwe. Kama haiwezekani, basi uishie kwa panya, na binadamu tuachiwe sisi washenga. Na kama ni lazima mwanamume apimwe, apimwe mtu wa mbali, asiye na jamaa Migori.

Nisalimie mama watoto wako na watoto wote. Wasalimie wapiga chapa. Wasalimie wale wataalamu ukiwaandikia, na panya wao, hasa yule jike, kwa maana sikusikia mahali popote kwamba aliulizwa.

Ni mimi, mwenye uchungu na heshima,
Risper, mama yake Wesley,
Mshenga.

Nyongeza, Jumanne mchana: Barua nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi, nimeifungua kwa kisu cha samaki, ndiyo maana inanuka.

Nilimkuta Rael anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikamweleza habari ya Tony vizuri, kwa lugha ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Hakumtia Tony kasoro. Alisema yeye hakuja Migori kumfuata mtoto, alimfuata Wesley, na kama mtoto si wa Wesley basi Jumamosi atarudi Mfangano na hatamfungulia mdomo mzee yeyote. Halafu, huku akigeuza omena wake, akasema kwamba anajua. Wesley alimwambia mwaka wao wa kwanza: alipokuwa na miaka kumi na tano matumbwitumbwi yalimshukia huko chini akavimba. Kuniomba Wesley apimwe, hakukusudia kumwaibisha. Alisikia tu kwamba kuna dawa inatafutwa.

Ndugu Mhariri, mimi ndiye niliyemkanda Wesley kwa maji moto siku zile. Daktari aliniambia mimi kwamba huenda asizae. Miaka kumi na tisa nimelikalia neno hilo. Kumbe tulijua sote watatu, na aliyetukanwa kisimani ni mmoja tu, na aliyeanza kutukana ni mimi. Nimelia pale mbele ya omena, na mimi si mtu wa kulia.

Mficha uchi hazai. Basi yale ya juu yote yafute, pamoja na Tony. Chapa nyongeza hii peke yake, na jina langu: kwamba Rael hana kosa, kosa ni letu. Wazee nitawaambia kwa mdomo wangu, lakini wao neno la mwanamke huliita kelele, la gazeti huliita habari. Chapa Ijumaa, maana Ijumaa asubuhi watakuwa kwa Hemed wakisomewa, na Jumamosi ndiyo wanakaa. Wesley, ambaye amenyamaza miaka yote hiyo, niachie mimi.

Kisha waandikie wale wataalamu wamweke Wesley kwenye foleni, nyuma ya panya. Anakula kidogo na haumi. Lakini wamchunguze vizuri, na kama kuna chembe yake mwenyewe iliyobaki, hata moja, waishughulikie hiyo. Wasilete ya mwingine. Rael hataki ya mwingine.

Posta siendi tena, barua zao hukawia na Ijumaa ni karibu. Nimempa kondakta wa basi la leo akukabidhi mkononi. Na kama utaona ukurasa umejaa, usihangaike kunijibu. Nitapanda basi la Alhamisi nije mwenyewe ofisini kwako, tukae mbele ya wafanyakazi wako, tuzungumze polepole habari za masikio.