Adui ni Maji

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua kifuniko cha oili nikakuta uji. Rangi ya chai ya maziwa. Kijiti cha kupimia nacho kimepakaa utelezi uleule. Maji ya rejeta yamepungua, na chini ya gari hakuna hata tone. Moshi mweupe nyuma. Gari ni la marehemu baba mkwe. Alimwachia mke wangu, na kaka yake hajawahi kulimeza hilo. Shemeji ana gereji. Alishasema mbele ya ukoo mzima kwamba siku nikishindwa kulitunza, linarudi kwake. Kwake siendi ng'o.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta kifuniko kwa fulana kuukuu. Kimetakata. Mke wangu ameuliza mbona gari linafuka kama jiko la kuni. Nikasema baridi ya asubuhi. Akasema kumpigia kaka yake simu si aibu. Kwangu ni aibu! Akanikumbusha kwamba Ijumaa mama mkwe anapasuliwa jicho. Nafasi hiyo ameisubiri tangu mwaka jana, na akichelewa anarudi mwisho wa foleni. Nimeapa kumfikisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Uji umerudi. Nimekaa ngazini nikatumia akili. Oili inaharibika kwa kuingia maji. Maji yanatoka kwenye rejeta. Basi rejeta ikiwa kavu, oili itachafuliwa na nini? Jambo dogo hivi, na mafundi wanalificha ili wale pesa zetu. Nimefungua koki, maji yote yakaenda mtaroni. Nimemwaga oili mbovu, nimetia mpya. Nikawasha kidogo, nikazima. Oili safi kama asali.

Jioni shemeji kapita, kauliza gari la baba linaendeleaje. Nikamfungulia kifuniko kabla hajamaliza kusema. Alikitazama, akasema vizuri. Ilimkaa rohoni, nilimwona. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya mkosi. Mama mkwe alikaa mbele, mkoba mapajani, akinisifu kwamba mkwe wake ni mtu wa kutegemewa. Mshale wa joto ukapanda. Nikaufunika kwa kitambaa, maana mama haoni vizuri lakini mke wangu, huko nyuma, anaona mno. Ikaja harufu ya kuungua. Injini ikagonga, ikakwama. Kimya. Mama mkwe akauliza kama tumefika.

Mke wangu alimpigia kaka yake. Shemeji alikuja na kamba ya kuvutia. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye oili, ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Kwamba siku ile nilipoona uji ningeliacha papo hapo, nisiliwashe tena, nimwite alivute; angebadilisha gasketi, akasafisha injini, na gari la baba yao lingepona. Kwamba maji ndani ya oili ni sumu. Ila kuendesha bila maji ni kuua kwa mikono yangu.

Hospitali tulifika kwa teksi. Nafasi alishapewa mwingine. Mama mkwe hakunilaumu. Aliniomba tu nimshike mkono kwenye ngazi, na mke wangu akamshika yeye.

Jumapili, 9 Machi
Gari liko gereji kwa shemeji, halirudi. Mke wangu yuko kwa mama yake, anamwongoza hadi bafuni. Kaniambia kwa simu nisiende mpaka niwe na la kusema. Nyumba imepoa, na chai yangu mwenyewe hainyweki. Naumia, sitaki kusema uongo.

Lakini nimefikiri tena. Shemeji mwenyewe amekiri, mbele ya mashahidi, kwamba maji ni sumu. Kumbe kosa langu lilikuwa kuchelewa tu. Yalikuwa yameshaingia.

Jirani ni mtu mwema. Kajitolea kunipeleka kesho kwa mama mkwe nikaombe radhi, kwa gari lake jipya, safari ndefu. Sipendi kupokea wema nisiulipe. Alipolala mchana nimeingia chini ya gari lake kimyakimya, nikafungua koki ya rejeta, nikayamaliza maji yote.

Sijamwambia. Atanishukuru njiani.