Fabiola wa Musaga na Kitabu cha Ishirini na Nne

Nyamazeni, enyi watu wa bondeni na wa vilimani! Zimeni redio, epueni masufuria, waambieni watoto wakakojoe sasa hivi, maana habari hii haina kituo. Ni habari ya vita vikuu vilivyopiganwa Bujumbura Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Vita visivyomwaga damu, ila maziwa kidogo tu, nayo yalimwagika ukurasa wa mia mbili na kumi.

Shujaa ni Fabiola, mama Moïse, Fabiola Mfunua-Kurasa, anyonyeshaye kwa mkono mmoja na kusoma kwa mwingine. Mwezi wa Januari, katika maktaba ndogo ya mjini, aliapa kusoma vitabu ishirini na vinne kabla mwaka haujafa. Epiphanie, mtunza vitabu, akakiandika kiapo hicho kwa kalamu nyekundu kwenye kartoni ya ukutani. Wala hakikuwa cha kujifurahisha. Maktaba ilikuwa na sanduku la vitabu, nalo lingehamia mtaa wa msomaji atakayetimiza kiapo. Wakitimiza wawili, mtaa usio na vitabu hutangulia. Musaga haukuwa na hata kimoja.

Naye Arnaud wa Kiriri, Arnaud Mkuu, aliyekuwa akiteremshwa na gari mpaka mlangoni ili miguu isimchoshe macho, alikuwa ameapa sitini, vingi vyembamba kama mkate wa hospitali.

"Mama Moïse," alinena siku ile, "we uko na mutoto wa wiki tatu. Andika sita. Sita ni heshima kabisa."

"Mama Epiphanie," Fabiola akajibu bila kumgeukia, "andika makumi mbili na ine."

Sasa, angesomea wapi? Nyumbani? Thubutu! Nyumbani mwanamke akishika kitabu, jiko huzimika papo hapo, mtoto hulia, na mama mkwe huuliza kwa upole kama siku hizi nguo zinajifua. Ndipo ukosefu wa petroli ukamshukia kama neema. Mabasi yakaadimika, na foleni ya kwenda mjini, kwenye chumba cha ushonaji alikofanya kazi, ikawa na urefu wa sura tatu asubuhi, na sura nne siku ya mvua. Mji mzima ulilia. Yeye alisoma. Mtu aliye kwenye foleni hatumwi maji, haulizwi chumvi iko wapi. Anangojea, na kungojea ni kazi ya heshima. Kwa silaha hiyo aliangusha vitabu ishirini na vitatu, kimoja baada ya kingine, amesimama wima, mtoto mgongoni.

Ikafika ile Jumamosi. Kitabu cha ishirini na nne kilibakiza kurasa thelathini na tisa, na maktaba ingefunga mwaka saa sita kamili. Fabiola alikuwa amepiga hesabu kama jemadari: foleni ya Jumamosi, sura tatu, imekwisha. Akafika kituoni saa tatu, akafungua kitabu, akainua macho.

Hapakuwa na foleni.

Petroli ilikuwa imeingia jana yake! Mabasi yalikuwa yamejipanga matupu, yakipiga honi kwa furaha, na konvoyeri mmoja ananing'inia mlangoni akiita kama malaika wa habari mbaya.

"Mama, ingia! Nafasi iko, chagua kiti!"

"Apana, papa. Enda tu."

"Sasa unangojea nini?"

"Nangojea kurasa makumi tatu na tisa."

Konvoyeri akamtazama, akamtazama na mtoto, akamwonea huruma mtoto. Basi likaondoka. La pili likaja, naye akalikataa. La tatu akalikataa kwa kidole tu, maana mjane wa kwenye kitabu alikuwa amepokea barua kutoka kwa mume aliyemzika mwenyewe.

Hapo akatokea Adija, muuza samaki wadogo wa ndagala, jirani yake.

"Binti yangu, petroli imekuja na we umesimama bure? Utarogwa."

"Mama Adija, nikisoma nyumbani wanasema sifanyi kitu. Hapa naonekana nangojea. Niache nionekane."

Na Adija, enyi wasikilizaji, akatua beseni lake la ndagala chini, akasimama nyuma ya Fabiola.

"Foleni ya mutu mumoja si foleni," akasema. "Soma."

Na mji huu, uliolelewa na foleni miaka mingi, ukifa utazikwa kwa foleni. Mpita njia aliona watu wawili wamefuatana, akasimama wa tatu. Wa nne akauliza, "Wanatoa nini?" Wa tatu akajibu, "Sijui, lakini iko." Ikasikika kwamba ni sukari. Ikathibitishwa kwamba ni sukari. Watu wakashuka kutoka kwenye basi lililokuwa limekwisha washa injini, wakaja kupanga mstari. Fabiola alipofunga kitabu, saa tano kasorobo, jeshi la watu thelathini lilikuwa nyuma yake, mifuko mkononi.

"We wa mbele!" akaunguruma mzee mmoja. "Wameanza kutoa?"

"Wamemaliza," Fabiola akasema, akapanda basi.

Usidhani ushindi ulikuwa umekamilika. Kwa desturi ya maktaba ile kitabu hakihesabiwi kwa kuwa umekisoma. Unasimama, unakisimulia, na msikilizaji mmoja lazima anyooshe mkono akitake. Pasipo mkono, hukusoma. Nao mji wote ulikuwa umekwenda kujaza magari mafuta. Ndani alikuwemo Epiphanie, ambaye mkono wake hauhesabiwi, na Arnaud, aliyekwisha timiza sitini zake na kuja kuchukua sanduku.

"Karibu, mama Moïse," Arnaud akasema, akakunja mikono kifuani kama mtu anayefunga duka. "Pole kwa safari."

Fabiola akaona mtego wote. Vitabu ishirini na vitatu, mwaka mzima wa magoti kuuma, na mkono pekee uliobaki duniani ni ule! Akamhamisha Moïse toka mgongoni hadi titini ili asilie, akasimama, akaanza kusimulia. Akamleta mjane. Akaleta barua ya kwanza, ya pili, ya tano. Akamleta mjane usiku wa mvua, taa imezimika, mlango ukigongwa mara tatu, na nje mtu akamwita kwa jina ambalo marehemu peke yake alilijua.

Akaishia hapo. Akamfuta mtoto mdomo.

"Alafu?" akauliza Arnaud.

"Nimemaliza."

"Umemaliza namna gani? Nani aligonga?"

"Iko ukurasa wa mwisho."

"Mama Moïse, usinifanyie ivyo. Ni bwana yake? Ni yeye ao si yeye?"

"Mi sijui," akasema Fabiola kwa upole wa muuaji. "Watu wa vitabu sitini ndiyo wanajua."

Mkono ukatoka. Ulitoka wenyewe, ukiwa umeiacha akili ya Arnaud nyuma kabisa, ukakamata kitabu kwa jalada. Akili ilipofika, Epiphanie alikuwa amekwisha chovya kalamu nyekundu.

Basi, enyi wenye kuandika historia ya mji, andikeni vizuri: kwamba siku hiyo, saa sita kasoro dakika nne, sanduku la vitabu lilitoka kuelekea Musaga juu ya kichwa cha mwanamke mwenye mtoto usingizini, na kwamba nje, gari la Kiriri lilipiga honi mara tisa likimwita bwana wake, naye hakusikia, kwa kuwa alikuwa ameketi sakafuni akisoma, na kitabuni mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kunyesha, sura ya kwanza.